Ulimwengu unaodunda badala ya mfumuko: nguvu yake iko kwenye kunywea, haiko kwenye umilele

Mwalimu wa Raskazone (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni kwa wote.

Wiki iliyopita niliketi ufukweni hapa Tanga pamoja na wavuvi wa dagaa waliokuwa wakingoja giza liingie washushe vyombo. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, bamvua kubwa, na maji yalikuwa yamejaa hadi miamba ya mbali imefunikwa. Mzee mmoja alikuwa akisafisha karabai yake kwa kitambaa. Aliposikia kwamba ninafundisha fizikia aliniambia, "Mwalimu, mnahangaika nini na mwanzo wa ulimwengu? Maji hujaa, maji hupwa. Na huo ulimwengu wenu nao utakuwa hivyohivyo." Nilicheka, lakini neno lake lilinikaa, kwa sababu ndivyo wengi wetu tunavyoielewa nadharia ya ulimwengu wa mizunguko, yaani ulimwengu unaotanuka, ukanywea, kisha ukadunda na kutanuka tena, na kwa maoni yangu ndivyo tunavyoielewa vibaya.

Nianze na tatizo, maana pasipo tatizo hakuna haja ya nadharia. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena yenye umbo la pembe huko Holmdel, New Jersey, walikuta kelele ya redio isiyokoma, ikitoka kila upande wa anga. Kelele hiyo ni nuru kongwe kuliko zote tunazoweza kuzipokea. Iliachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, na leo, baada ya miaka bilioni 13.8, imepoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Kinachoshangaza ni usawa wake. Ukielekeza antena mashariki, juu ya Pemba, au magharibi, juu ya milima ya Usambara, joto ni lilelile, na tofauti zilizopo ni za kiasi cha 1 kwa 100,000.

Sasa, nuru ya mashariki na nuru ya magharibi ndiyo kwanza zinakutana hapa kwetu. Katika hesabu ya Mlipuko Mkuu wa kawaida, sehemu mbili zilizotengana angani kwa zaidi ya digrii 2 hivi, yaani upana wa miezi mipevu minne iliyopangwa mstari mmoja, hazikuwahi kupata muda wa kupashana joto kabla ya nuru hiyo kuachiliwa. Ni kama kukuta wapishi wawili, mmoja Tanga na mwingine Muscat, wasiowahi kuonana wala kuandikiana, wametia chumvi sawasawa kwa hesabu ya punje. Tena anga lenyewe ni bapa: pembetatu kubwa kabisa tunayoweza kuipima ina pembe zinazojumlika digrii 180, kama zile za ubaoni. Ili liwe hivyo leo, msongamano wa ulimwengu katika sekunde yake ya kwanza ulipaswa kulingana na kiwango maalumu kwa tarakimu 15 hivi baada ya nukta.

Jibu linalokubaliwa na wengi ni mfumuko (si wa bei, ingawa huo nao unatusumbua). Alan Guth alilipata wazo hilo mwishoni mwa mwaka 1979 na kulichapisha mwaka 1981. Mwaka uliofuata Andrei Linde, na kwa upande mwingine Andreas Albrecht pamoja na Paul Steinhardt, wakalirekebisha ili mfumuko uweze kumalizika vizuri. Wanasema kwamba katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza, anga lilitanuka angalau mara 10 kwa kipeo cha 26. Kipande kidogo ambacho tayari kilikuwa na joto moja kilivutwa hadi kikazidi upeo wetu wote wa kuona. Chukueni tanga la chombo lililokunjamana, mlitweke, upepo uliwambe, kisha mlivute liwe kubwa kuliko bahari yenyewe. Sisi tulio juu ya uzi mmoja wa kitambaa hicho tutaapa kwamba halijawahi kuwa na kunyanzi.

Haki ya mfumuko tusiipunje. Mitetemo midogo ya kikwanta iliyovutwa pamoja na anga ndiyo iliyokuwa mbegu ya galaksi, na setilaiti ya Planck, iliyoichunguza ile nuru kongwe, ilipopima jinsi nguvu ya mbegu hizo inavyobadilika kulingana na ukubwa wake, ilipata kipeo cha 0.965, pungufu kidogo ya 1 (1 ingemaanisha nguvu sawa kwa kila ukubwa), sawa na watetezi wa mfumuko walivyotarajia kwa jumla.

Shida inaanzia mahali pengine. Steinhardt huyohuyo, pamoja na Alexander Vilenkin kwa njia yake, walionyesha mwaka 1983 kwamba mfumuko ukishaanza haumaliziki kila mahali kwa pamoja. Unakoma hapa, unaendelea kule, na kule unakoendelea ndiko kunakozidi kuwa kukubwa. Matokeo yake ni malimwengu yasiyo na idadi, kila moja na tabia yake, na nadharia inayoruhusu kila kitu kutokea mahali fulani inakuwa vigumu kuiuliza kwa nini kilitokea hiki. Wapo wanaoishi na jambo hilo bila wasiwasi. Steinhardt hakuweza, na fundi aliyeijenga nyumba akawa wa kwanza kuonyesha nyufa zake.

Nitaendelea kadiri mtakavyouliza.

Binti wa Chumbageni

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwa makini, lakini nina swali kabla hujaenda mbali. Nilifundishwa chuoni kwamba wazo la ulimwengu wa mizunguko lilikwisha kuuawa zamani, katika miaka ya 1930, na sababu ilikuwa entropia, yaani kipimo cha vurugu. Vurugu haipungui, kila mzunguko unairithi ile ya mzunguko uliotangulia na kuongeza yake. Sasa linafufuliwaje?

Mwalimu wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Ulifundishwa vyema. Alexander Friedmann alionyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaotanuka kisha ukanywea. Mwaka 1934 Richard Tolman akaeleza tatizo ulilolitaja: kwa kuwa entropia hujilimbikiza, kila mzunguko unakuwa mrefu kuliko uliotangulia. Ukirudi nyuma basi, mizunguko inazidi kuwa mifupi hadi unafika kwenye mwanzo uleule uliokuwa ukiukimbia.

Ufufuo ulikuja baada ya mwaka 1998, ilipogunduliwa kwamba utanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi. Nishati giza inayosababisha hali hiyo, ambayo ni takribani asilimia 68 ya vyote vilivyomo, ilipokewa na wengi kama mzigo usio na mwenyewe. Steinhardt na Neil Turok waliipa kazi. Katika mfano wao wa mwaka 2002, nishati giza hutanua anga kwa muda mrefu mno, kwa kadiri ya miaka trilioni moja kwa mzunguko, hadi nyota zilizokufa, mashimo meusi na nuru yote iliyochakaa vinatawanyika kiasi kwamba eneo la ukubwa wa ulimwengu tunaouona linabaki karibu tupu. Entropia haifutwi, ila inasambazwa mbali. Ni kama taka za jikoni: hazijatoweka, zimepelekwa mahali ambapo pua yako haifiki.

Hapa ndipo ninapotofautiana na yule mzee wa karabai. Maji ya bamvua hurudi kwenye alama ileile ya gati. Ulimwengu wa mifano hii haurudi. Katika mfano ambao Steinhardt na Anna Ijjas waliutoa mwaka 2019, ulimwengu kwa jumla unakuwa mkubwa zaidi kila mzunguko, kwa sababu unatanuka sana na kunywea kidogo. Kinachojirudia ni kasi ya kutanuka, joto na msongamano, yaani vile ambavyo mtazamaji aliye ndani angevipima.

Fundi wa Pangani

Mwalimu, niruhusu nipinge. Umesema mfumuko unanyoosha, na hilo linaeleweka hata kwa mtu asiyejua hesabu, kwani kitu kikivutwa hunyooka. Lakini kunywea kunafanya kinyume chake. Kamua nguo uone kama itanyooka. Wanafizikia wa Kisovieti Belinski, Khalatnikov na Lifshitz walionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba ulimwengu unaonywea hauingii kwenye kifo chake kwa utulivu: unabanwa upande huu, unavutwa upande ule, kisha mambo yanageuka, bila mpangilio. Ulimwengu laini ungetokeaje katika fujo kama hiyo?

Mwalimu wa Raskazone

Ndugu Fundi, umeugusa moyo wa jambo, na ndiyo sababu nikaandika kichwa cha uzi jinsi nilivyokiandika. Watu wengi wanaupenda ulimwengu wa mizunguko kwa sababu unaonekana hauna mwanzo. Mimi naona thamani yake iko kwenye jibu la swali lako.

Fujo uliyoitaja inatokea kwa sababu tofauti za kunyoosheka kwa pande mbalimbali huongezeka nguvu kadiri anga linavyonywea. Urefu ukipungua kwa nusu, nguvu ya tofauti hizo huongezeka mara 64, yaani 2 kwa kipeo cha 6, wakati maada ya kawaida inaongezeka mara 8 tu na mnururisho, yaani nuru na jamaa zake, mara 16. Kwa hiyo fujo inashinda kila kitu. Lakini tuseme ulimwengu umejaa uga, yaani kitu chenye nishati kinachoenea kila mahali angani, ambao shinikizo lake ni kubwa kuliko msongamano wa nishati yake, tena kwa mbali. Uga wa namna hiyo unaongezeka nguvu haraka kuliko fujo, haraka kuliko mpindiko wa anga, haraka kuliko chochote kingine. Ukishatawala, vingine vyote vinakuwa kama mnong'ono sokoni. Wataalamu wanaita hali hii kunywea polepole, na katika miaka ya karibuni Ijjas na wenzake waliziendesha hesabu hizo kwenye kompyuta, wakianza makusudi na ulimwengu uliojaa kunyanzi na migeuko, na wakakuta kwamba sehemu kubwa yake inalainika.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, hadi usiku ule ufukweni. Katika kunywea polepole anga lenyewe linapungua kwa mara chache tu, lakini upeo, yaani umbali ambao mambo yanaweza kuathiriana kwa wakati fulani, unapungua kwa kiasi cha kutisha, hadi unakuwa mdogo kuliko protoni. Mzee alipoijaza pampu karabai yake ikawaka vizuri, duara la mwanga lilifika mbali na mawimbi yote yakaonekana, makubwa kwa madogo. Baadaye mafuta yalikaribia kwisha, mwanga ukafifia, duara likasinyaa hadi likabaki shubiri chache kuzunguka ubavu wa ngalawa. Ndani ya duara lile dogo maji yalikuwa kama kioo. Bahari haikuwa imetulia hata kidogo. Mwanga ndio uliokuwa umepungua haraka kuliko wimbi. Kinyume chake, mfumuko unaliacha duara karibu palepale na kuyavuta mawimbi yenyewe hadi yawe marefu kupita kiasi. Kwa jicho lililo ndani ya duara, matokeo ni yaleyale: ubapa na usawa. Na baada ya kudunda, duara linapoanza kupanuka tena, linakuta maji yaliyokwisha kutulizwa.

Tofauti yenye maana ni kwamba kunywea polepole hakuzai malimwengu yasiyo na idadi. Mtetemo wa kikwanta unaochelewesha kunywea katika sehemu fulani hauipi sehemu hiyo ukubwa zaidi ya majirani zake, kwa hiyo sehemu zilizochelewa haziwi nyingi kupita zile zilizowahi.

Gharama ipo, na si ndogo. Kwanza, ili ulimwengu ugeuke kutoka kunywea hadi kutanuka bila kupita kwenye nukta ya msongamano usio na kikomo, unahitaji uga wenye tabia ambayo maada tunayoijua haina kwa kiwango hicho. Mfano wa kwanza, ambao Justin Khoury, Burt Ovrut, Steinhardt na Turok waliutoa mwaka 2001, ulikwepa jambo hilo kwa kufikiria malimwengu mawili mithili ya tando yanayogongana katika mwelekeo wa ziada wa anga tusioweza kuuona, lakini mgongano wenyewe ulibaki kuwa mahali ambapo hesabu hukatika. Pili, mbegu za galaksi hazijitokezi kwa urahisi kama katika mfumuko. Mara nyingi unahitaji nyuga mbili zinazopokezana. Nikiwa mkweli, sehemu hii inanuka ufundi wa kuunga viraka.

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Nimefuata tangu mwanzo. Naomba kuongeza jambo dogo kwa wasomaji wa huku pwani: huyo Neil Turok si mgeni kabisa kwetu. Alizaliwa Johannesburg, wazazi wake wakafungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi, na utotoni familia iliishi Tanzania uhamishoni kabla ya kwenda London. Ndiye mwanzilishi wa taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, ambayo baadaye ilifungua kituo hapa Bagamoyo.

Swali langu ni la vipimo. Kama nadharia zote mbili zinatoa ulimwengu uleule, tutazitofautishaje?

Mwalimu wa Raskazone

Ahsante kwa kumbukumbu hiyo. Kipimo kipo, nacho ni mawimbi ya uvutano ya wakati ule wa mwanzo. Mfumuko wenye nishati kubwa unalitikisa anga lenyewe, na mtikisiko huo unaacha mchoro wa kujisokota katika mwelekeo wa mitetemo ya ile nuru kongwe. Kunywea polepole hakuachi mchoro wowote unaoweza kupimika.

Hapa nina aibu ya kueleza. Tarehe 17 Machi 2014, kundi la darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini lilitangaza kwamba limeuona mchoro huo, kwa uwiano wa 0.2, yaani nguvu ya mawimbi hayo ikilinganishwa na ile ya mbegu za galaksi. Stephen Hawking alidai ameshinda dau lake na Turok, na Turok hakukubali kushindwa. Mimi kesho yake niliingia darasani, nikafuta ubao wote, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mfumuko umethibitishwa. Miezi michache baadaye mashaka yalianza, na mapema mwaka 2015 uchambuzi wa pamoja na data za Planck ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya walichokiona ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Nilirudi kwa wanafunzi walewale kukiri kosa, na mmoja wao, mtoto mtundu, aliniletea kitambaa cha kufutia vumbi.

Mwaka 2021 vipimo vilivyoboreshwa vya darubini za eneo lilelile viliushusha ukomo wa uwiano huo hadi chini ya 0.036. Mifano sahili kabisa ya mfumuko, iliyokuwa vitabuni kwa miaka mingi, ilitarajia zaidi ya 0.1, kwa hiyo imeondoka. Lakini ule wa Alexei Starobinsky unatarajia kama 0.003, na bado umesimama. Hii ndiyo mizani isiyo sawa ambayo msomaji anapaswa kuiona: mawimbi yakipatikana, kunywea polepole kumekwisha; yasipopatikana, mfumuko unaweza kurekebishwa tena na tena ili uyafiche. Mwaka 2017 Ijjas, Steinhardt na Abraham Loeb waliandika kwamba mfumuko kwa namna ulivyo sasa haupimiki kisayansi, na wanasayansi 33, Guth, Linde na Hawking wakiwemo, wakajibu kwa barua kali. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilizidisha chumvi. Mfano mmojammoja wa mfumuko unapimika na baadhi imekwisha kuanguka. Kisichopimika kwa urahisi ni wazo zima.

Binti wa Chumbageni

Nimeelewa, Mwalimu. Lakini hujasema kuhusu Roger Penrose, ambaye naye anazungumzia mizunguko. Na je, ni kweli kwamba katika mifano ya Steinhardt kunywea kunaweza kuanza karibuni?

Mwalimu wa Raskazone

Kwa Penrose nitakuwa mfupi. Mizunguko yake haina kunywea kabisa: ulimwengu unatanuka hadi kubaki nuru tupu, na kwa kuwa nuru haina saa wala rula, mwisho huo unaweza kuchukuliwa kuwa mwanzo wa enzi nyingine. Wazo ni zuri kwa macho ya mwanahisabati. Lakini lazima kila chembe yenye uzito ipoteze uzito wake siku moja, na hakuna kipimo kinachoonyesha hivyo. Yale maduara ambayo yeye na Vahe Gurzadyan walisema mwaka 2010 kwamba wameyaona katika nuru kongwe, makundi mengine yaliyapima na kukuta hayazidi yale yanayotarajiwa kwa bahati tu. Tuzo ya Nobel aliyoipata mwaka 2020 ilikuwa ya mashimo meusi, si ya hili.

Kuhusu muda: mwaka 2022 Cosmin Andrei, Ijjas na Steinhardt walionyesha kwamba vipimo vilivyokuwepo havikatazi kuongezeka kwa kasi kukome ndani ya miaka milioni 65, na kunywea kuanze ndani ya milioni 100. Mijusi mikubwa ya Tendaguru kule Lindi iliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Maana yake, kunywea kunaweza kuwa karibu nasi kuliko mijusi ile. Hawakusema itakuwa hivyo, walisema haijakatazwa. Tangu mwaka 2024 vipimo vya DESI, mradi ulioko Arizona unaochora ramani ya galaksi, vimetoa dalili kwamba nishati giza inapungua nguvu, ingawa dalili hizo hazijafikia kiwango cha kuitwa ugunduzi.

Na umilele, ambao ndio ulioniletea uzi huu? Arvind Borde, Guth na Vilenkin walithibitisha mwaka 2003 kwamba anga ambalo kwa wastani limekuwa likitanuka haliwezi kuwa limefanya hivyo tangu zama zisizo na mwanzo. Mwaka 2022 William Kinney na Nina Stein wa Buffalo walionyesha kwamba mfano wa Ijjas na Steinhardt nao umenaswa humohumo, kwa sababu ileile iliyouokoa kutoka kwa Tolman: unakua kila mzunguko. Ulichotupa mlangoni kimerudi kupitia dirishani.

Jana jioni nilimkuta mzee akibadilisha utambi wa karabai, nikamweleza hivyo. Aliniuliza kama basi maji ya kwanza kabisa yalikuwa yakijaa au yakikupwa. Nimemwahidi jibu bamvua lijalo, na mpaka sasa sina.